Mhariri, mmewatisha watu bure kuhusu notiwidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma makala yenu kuhusu ndugu zetu wanaonunua nyumba Uingereza, sehemu kubwa ilikuwa nzuri tu, ila mlipofika kwenye ule mmea wa Kijapani, notiwidi (kwa Kiingereza Japanese knotweed), mkaandika kana kwamba ni mchwa wa kula saruji, eti ukiuona tu kwenye ua geuza gari uondoke. Mimi naishi huku na kazi yangu ni ukarabati wa nyumba, huo mmea nakutana nao mara nyingi, na wengi niliowaona wakilia hawakulizwa na mmea bali na karatasi, yaani mtu kaulizwa swali kwenye fomu akajibu uongo, au kanunua bila kuuliza chochote kisha anakuja kushtuka mkopo umekataliwa. Hilo hamkuligusa kabisa, ndio maana nimekaa kuandika.

Kwanza mmea wenyewe, maana wengi wanausikia tu. Asili yake Japani, China na Korea. Aliyeuleta Ulaya ni Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi na Waholanzi kule Japani, akauotesha kwenye kitalu chake Leiden, Uholanzi, na mwaka 1847 huko Utrecht ukapewa medali ya dhahabu kama mmea mpya wa mapambo uliovutia kuliko wenzake wote mwaka ule. Medali kabisa! 1850 mche wake ukafika bustani ya mimea ya Kew pale London, baadaye wauza miche wakaanza kuusambaza na watu wenye nafasi zao wakaupanda kwa fahari. Leo wajukuu wa wale wale ndio wanalipa kuung'oa.

Kichekesho ni kwamba notiwidi ya Uingereza yote ni jike, ni mmea ule ule mmoja umejirudia nchi nzima, dume lake halipo kwa hiyo hautegemei mbegu. Unaenea kwa vipande. Kipande cha ule mzizi mnene wa chini chenye gramu 0.7 tu, kitu unachokishika kwa ncha za vidole viwili, kinatosha kuotesha mmea mpya. Sasa nani anaueneza? Ni sisi. Lori limebeba udongo kutoka saiti moja kwenda nyingine, mto umemomonyoa kingo, jirani kafyeka kwa mashine vipande vikaruka kila upande, mwingine kautupa kwenye lundo lake la mboji akidhani utaoza. Hauozi kirahisi hivyo. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ukiukuta usiingie na mashine ya kufyekea, usiuchanganye na taka za bustani zinazobebwa na halmashauri, na usimruhusu fundi yeyote achimbe na kuhamisha udongo wa pale kabla ya mtu anayejua kuja kuangalia, hata kama huyo fundi ni mimi.

Sasa je unabomoa nyumba? Hapa ndipo nawalaumu zaidi. Mwaka 2012 masavea wa huku, yaani wakaguzi na wathamini wa majengo, chama chao kinaitwa RICS, walitoa mwongozo wenye madaraja ya hatari na kipimo cha mita 7, yaani mmea ukiwa ndani ya mita 7 kutoka kwenye nyumba basi kengele inalia, na mabenki yakadaka kipimo hicho kama amri. Watu wakakwama miaka, nyumba nzima haina hata ufa lakini haiuziki kwa sababu kuna vichaka viwili vya notiwidi nyuma ya uzio. Halafu 2018 ukatoka utafiti wa watu wa kampuni ya uhandisi ya AECOM na Chuo Kikuu cha Leeds, wakaangalia nyumba na maeneo mengi wakaona mmea huu hauharibu majengo kuliko mimea mingine tuliyoizoea, miti mikubwa ndiyo yenye madhara zaidi, na mizizi ya notiwidi kwa kawaida haifiki hizo mita 7, mara nyingi haivuki mita 4. Mwaka uliofuata, 2019, kamati ya sayansi ya Bunge ikalichukua suala hilo na kusema waziwazi kwamba mabenki ya Uingereza yana woga uliopitiliza ukilinganisha na nchi nyingine. Na 2022 RICS wenyewe wakabadilisha mwongozo, mita 7 zikaondoka, siku hizi wanaangalia mita 3 kutoka mpaka wa kiwanja, na swali kubwa limekuwa je umeharibu kitu chochote kinachoonekana, na je unamzuia mwenye nyumba kutumia bustani yake.

Sisemi mmea ni mtakatifu. Ukikuta ufa unapita humo humo na kuupanua. Nimeona umenyanyua vigae vya nje, umetokea katikati ya sakafu nyembamba ya kibanda cha bustani, na kuta fupi za matofali za mpakani zisizo na msingi wa maana unaweza kuziegemea mpaka zilale. Masika yakiingia unakua mpaka sentimita 10 kwa siku, miezi michache umefika mita 2 au 3, bustani ndogo inamezwa huku unaangalia. Lakini nyumba yenye msingi wake kuangushwa na notiwidi, huko ni kuwatisha watu.

Sasa tuje kwenye karatasi.

England na Wales mtu akiuza nyumba anajaza fomu inaitwa TA6, ya chama cha mawakili, Law Society. (Scotland wana utaratibu wao, huko siendi.) Ndani ya fomu kuna swali la notiwidi na majibu ni matatu, ndiyo, hapana, au sijui. Linaonekana dogo, limekaa katikati ya maswali ya mafuriko na uzio, mtu anatiki haraka haraka apate kumaliza. Wauzaji wengi wanaona "ndiyo" itawafukuzia wateja na "sijui" itawatia wasiwasi, basi wanatiki "hapana" na kufunga ukurasa. Hapo ndipo nyumba inapobomoka. Maelezo ya fomu yaliyotoka 2020 yanasema "hapana" uitumie pale tu ambapo una uhakika kwamba hakuna mzizi ndani ya ardhi yako wala ndani ya mita 3 kutoka mpaka wako, hata kama juu hakuna kinachoonekana. Hebu niambie, mtu wa kawaida atakuwaje na uhakika wa kilichoko chini ya nyasi? Kama hujapima, jibu lako la kweli ni sijui. Na kama uliwahi kuuona, au ulishawahi kununua dawa ya kuua magugu ukaupiga mwenyewe kimya kimya, jibu lako ni ndiyo na huna ujanja.

Kuna kesi iliyosikilizwa London ikatolewa hukumu 2023, imeandikwa sana magazeti ya huku. Nyumba ya kusini mwa London, iliuzwa 2018 kwa pauni 700,000, muuzaji kwenye fomu alisema hapana. Mnunuzi kahamia, anashughulika na bustani yake, anakuta notiwidi nyuma ya kibanda. Muuzaji akajitetea kwamba hakuuona kwa sababu kuna kichaka kikubwa kilikuwa kimeuziba. Jaji hakushawishika kwamba mtu yule aliamini kweli kuwa pale hakuna kitu. Fidia ikawa pauni 32,000, na ukiongeza gharama za mawakili wa pande zote mbili iliripotiwa bili nzima ilipita pauni 200,000. Yote hayo kwa tiki moja! Angesema sijui mnunuzi angetuma mtu aangalie, wangepunguziana bei kidogo, maisha yangeendelea.

Ndio maana nikisoma makala inayomwambia muuzaji kwamba mmea huu ni kifo cha nyumba yake nakasirika, kwa sababu mtu aliyetishwa hivyo ndiye anayefyeka usiku na kumwaga kokoto juu. Hofu mnayoiuza gazetini inarudi kama uongo kwenye fomu.

Na kweli wanaficha. Kuna siku nilimsindikiza mpwa wangu kuangalia nyumba, mwezi wa pili, baridi imeshika kwelikweli, bustani yote imekufa rangi. Dalali anatuonyesha jiko anasifia makabati, mimi nikatoka nje. Nyuma kabisa kwenye uzio, upande ambao reli inapita, kuna kokoto mpya zimemwagwa pembeni tu, sehemu nyingine yote ni nyasi. Nikachutama nikasukuma kokoto kwa kiatu, chini kuna karatasi ya plastiki nyeusi, na pale plastiki ilipoishia kwenye uzio vimebaki visiki vya mabua makavu ya kahawia, vimekatwa usawa wa kifundo cha mguu, ndani ni matundu matupu na vina vifundo vifundo. Mpwa wangu akaja anauliza, "Mjomba, hii si mianzi tu?" Nikamwambia mianzi haikauki yote hivi ikifika baridi. Nikapenyeza bisibisi kwenye udongo nikanyanyua kipande cha mzizi, nje cheusi cheusi kama kuni, nikakivunja kikakatika tap, ndani rangi ya chungwa iliyokolea. Nikakirudisha pale pale na bisibisi nikaifuta vizuri kabla ya kuirudisha mfukoni, maana tusije tukawa sisi ndio wa kuupeleka nyumba nyingine.

Mpwa alitaka tuondoke, alikuwa amesoma mambo kama ya kwenu. Nikamwambia tulia. Hatukumgombeza dalali, tulichofanya ni kumwandikia wakili amuulize muuzaji kwa maandishi swali moja tu kuhusu lile eneo la kokoto. Fomu ilipokuja ilikuwa imetikiwa sijui. Tukaomba wataalamu wa notiwidi waje kupima kwa gharama ya muuzaji, wakaja, wakathibitisha, mzizi ulikuwa unatokea upande wa reli. Muuzaji akakubali kulipia mpango wa matibabu wa miaka kadhaa wenye dhamana ya bima, na bei akaishusha. Benki iliona zile karatasi ikatoa mkopo. Mpwa anaishi humo mpaka leo.

Kuhusu mkopo nieleze vizuri maana ndipo watu wanapochanganyikiwa. Benki nyingi hazikatai nyumba yenye notiwidi moja kwa moja, zinachotaka ni mpango wa kuudhibiti ulioandikwa na kampuni iliyosajiliwa kwenye chama kinachotambulika, PCA au INNSA, na mpango huo uwe na dhamana inayobebwa na bima, mara nyingi ya miaka 10, ili hata kampuni ikifunga mlango kesho bado kuna wa kumdai. Hakikisha dhamana inahamia kwa mmiliki mpya, iwe imeandikwa, sio kuambiwa kwa mdomo na dalali. Ndio sababu nawakataza watu kupiga dawa wenyewe wakiwa na mpango wa kuuza. Sio kwamba ni kosa, dawa ya glaifoseti ya madukani unaruhusiwa kutumia kwenye bustani yako, ila hakuna benki itakayokubali neno lako kwamba umemaliza kazi, na mbaya zaidi ukipiga kidogo majani yanakufa juu huku mzizi umelala tu chini, savea akija haoni kitu na miaka miwili baadaye unaibuka kwa mwenzio. Kutoonekana sio kufa, tafadhali.

Wanaojua wanapiga dawa mwishoni mwa kiangazi kuelekea vuli, baada ya maua yale meupe meupe kutoka, kwa sababu wakati huo mmea unashusha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi na dawa inabebwa humo humo. Wanarudia mwaka hadi mwaka, mitatu au zaidi. Njia ya pili ni kuchimba na kuondoa udongo wote wenye mizizi, hiyo ni haraka lakini bei yake inakera, maana udongo ule kisheria ni taka inayodhibitiwa chini ya sheria ya mazingira ya 1990, lazima ubebwe na mwenye leseni mpaka kwenye dampo lililoruhusiwa kuupokea, huwezi kuweka tu kwenye kontena la taka pamoja na matofali. Dawa kwa bustani ya kawaida inakwenda maelfu machache ya pauni, kuchimba kunaweza kukupeleka mbali zaidi ya hapo. Nani alipe ni mazungumzo, lakini mnunuzi asiogope kusema mapema kwamba muuzaji abebe, kwa sababu mnunuzi mwingine yeyote mwenye mkopo atadai hicho hicho. Wanaoweza kukurupuka ni wale wa pesa taslimu, hasa kwenye minada, maana hakuna benki nyuma yao ya kuwalazimisha kuuliza. Nyumba ya mnada yenye bei tamu halafu picha za bustani hazipo, mimi ningekwenda na tochi.

Kwa yule ambaye hauzi wala hanunui, anaishi tu na kaukuta nyuma ya banda, kwanza apumue. Kuwa nao kwenye bustani sio kosa la jinai, na hulazimiki kwenda kujiripoti halmashauri. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inachokataza ni kuupanda au kusababisha uote porini. Ila ukiuachia ukatambaa kwa jirani unajiingiza pabaya, jirani anaweza kukushtaki, na halmashauri kwa sheria ya 2014 inaweza kukupa notisi ya kukutaka uudhibiti, ukiipuuza faini kwa mtu binafsi inafika pauni 2,500. Bima ya nyumba usiitegemee, nyingi hazilipii hasara ya mmea huu, kasome yako.

Na ukiwa wewe ndiye jirani uliyevamiwa, mahakama zimeshasema kitu. 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya watu wa Maesteg, Wales kusini, dhidi ya Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli, notiwidi ilitoka kwenye eneo la reli ikasogea kwao, na majaji wakasema kule kuingia tu kwa mizizi kwenye ardhi ya mtu ni kero ya kisheria, hata nyumba kama haijapasuka, maana inampunguzia raha ya kutumia mali yake. Lakini wakasema pia huwezi kudai kwa sababu tu bei ya nyumba imeshuka. Halafu 2024 Mahakama ya Juu kabisa ikasikiliza kesi nyingine ya Wales dhidi ya halmashauri ya Bridgend, hapo mwenye nyumba akashindwa, kwa sababu mmea ulikuwa umeshaingia kwake miaka mingi kabla halmashauri haijaanza kuwa na wajibu wa kuchukua hatua, na upungufu wa thamani uliokuwa unagombewa ulikuwa pauni 4,900. Mnaona? Hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi kwa pauni 4,900. Mimi ningeanza na kugonga mlango kwa heshima, ujirani unatibu mengi, tena kampuni nyingi zikiitwa na majirani wawili kwa pamoja zinatibu pande zote za uzio kwa mkupuo mmoja, vinginevyo unaua kwako unarudishiwa kutoka kwake.

Kuna wanaouliza mbona serikali isilete mdudu wa kuula. Walishaleta, 2010 waliachia mdudu mdogo kutoka Japani anayefyonza utomvu wa notiwidi peke yake, lakini mpaka leo bado tunapiga dawa, kwa hiyo msimsubiri.

Mwisho, wale mlioshanunua na sasa ndio mnaukuta. Usichimbe. Usifyeke. Piga picha kwanza, za karibu na za mbali, zenye tarehe, pamoja na plastiki au kokoto au chochote kinachoonyesha mtu aliujua akaufunika. Toa ile TA6 ya muuzaji kwenye faili uangalie alitiki nini, tafuta na yale matangazo ya zamani ya nyumba, wakati mwingine picha za dalali za miaka iliyopita zinauonyesha umesimama pale pale kijani kibichi. Mwite mtaalamu akadirie umri wake, wanaweza kukuambia kwa ukubwa wa mzizi kama ulikuwepo kabla hujanunua. Kisha wakili, na usichelewe, kwa kawaida una miaka 6.

Ni mimi msomaji wenu,
fundi wa Birmingham